Wenye Mabwawa ya Mawe

Wiki niliyostaafu nilitakiwa kurudisha vitu vya serikali. Darubini waliipokea, chupa ya maji waliipokea, hata kamba niliyofungia mzigo waliipokea. Viatu, karani wa stoo alivigeuza akatazama soli, akanambia, "Hivi vimekwisha, Mzee Athmani. Serikali haiwezi kuvichukua." Nikatoka Kizingo nimevishika mkononi, nikaenda navyo kwa miguu mpaka kwetu Kibokoni. Watu wa barazani wakaniuliza kama navipeleka kwa fundi. Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Vijana wa ofisini wameniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukifuata simba kabla hawajapata magari yao mazuri. Vyeo sitavitaja, na mshahara nauficha kwa haya. Nitaandika habari za miaka ya arobaini, na za mtu aliyenifundisha kazi, Mzee Mkala, na za binti yake Mbeyu. Kila nikijaribu kukumbuka kazi yangu, ni hao wanaotangulia.

Niliingia kazini wakati wa vita. Kijana wa Mji wa Kale aliyejua kusoma na kuandika alikuwa na njia mbili mbele yake: kwenda bandarini Kilindini kuhesabu magunia, au kwenda dukani kwa Mhindi kuhesabu vitu vingine. Mimi nilikuwa na jambo moja la ziada. Marehemu baba alikuwa na kiduka Mariakani, na utotoni nilicheza na watoto wa Kiduruma mpaka lugha yao nikaijua kama yangu. Ofisi ya wanyama wa mwitu ilikuwa kijumba cha mabati nyuma ya majumba ya wakubwa kule Kizingo, na ilimtaka mkalimani. Mkubwa wetu alikuwa Mzungu mrefu tuliyemwita Bwana Kipara, ingawa mbele yake tulisema Bwana tu. Aliniuliza swali moja.

"Unaogopa simba?"

Nikamwambia sijapata kumwona. Akasema asubuhi ile hajasikia jibu bora kuliko hilo.

Mama hakufurahi. "Mwanangu, wenzio wenda bandarini, wewe wenda kwa simba? Nti hii haina kazi nyingine?"

"Ni kazi ya ukalimani tu, mama."

"Wa simba?" akauliza, akaendelea kukuna nazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Toka Mariakani kufuata reli kuelekea nyika ya Taru palikuwa na makundi kadhaa ya simba, na ofisi ilitaka kujua kila kundi linakaa wapi, na mpaka wake na jirani uko wapi, na unasogea lini, ili wafugaji waonywe mapema. Simba hakai popote apendapo. Kila kundi lina himaya yake, na madume ndio walinzi: hunguruma, huparura ardhi, hukojolea vichaka, na mgeni akisikia na kunusa hujua kwamba pana wenyewe. Mvua zikikosekana au nyama ikipungua, mpaka husogea. Na mpaka huo ukisogea, mtu anayeishi karibu ndiye wa kwanza kupata habari, tena kwa njia mbaya.

Nilishuka kwenye garimoshi kituo cha Maji ya Chumvi nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Mzee Mkala alikuwa amechutama kivulini. Alikuwa Mduruma wa makamo, mfupi, mwenye ndevu chache zilizokaa upande mmoja wa kidevu kana kwamba zimekosana na upande wa pili. Tukaamkuana vizuri, tukaulizana habari za nyumbani, kisha akanisogelea akavuta pumzi.

"Kwenu mmefiwa?" akaniuliza.

"La, hatukufiwa."

"Mbona wanukia udi?"

Mama alikuwa amenifukizia nguo zote, mpaka za ndani, kama bwana harusi. Mzee Mkala akazichukua akazitundika juu ya moto wa mavi ya ng'ombe kutwa nzima. Tangu siku hiyo nilikuwa na nguo za aina mbili, za porini na za Kibokoni, na mama hakuruhusu za porini zivuke kizingiti.

Zana zetu zilikuwa chache. Palikuwa na kifuko cha majivu, ukikitikisa unajua upepo unatoka wapi. Palikuwa na kijiti tulichokata kulingana na upana wa unyayo, ili tukikutana nao tena mbele tujue kama ni wa simba yuleyule. Na palikuwa na dira, ambayo Bwana Kipara alinipa fedha nikainunue Makadara. Mhindi wa Kibohora mwenye duka aliitoa kabatini akaipangusa, akaniuliza, "Umepoteza kibla, bwana?" Nikamwambia natafuta simba. Akanipunguzia bei, nadhani kwa huruma.

Dira ilikuwa ya kazi moja hasa. Alfajiri, simba wanapokaribia kulala, hunguruma. Mzee Mkala alikaa kwenye kilima kimoja, mimi kingine, na kila mmoja wetu alichomeka kijiti ardhini kikielekea sauti ilikotoka. Jua likichomoza napima vijiti vyote viwili kwa dira, nachora mistari kwenye karatasi, na pale mistari inapokutana ndipo mnyama alipokuwa. Bwana Kipara alinifundisha kuchora, Mzee Mkala akanifundisha kusikia. Siku za mwanzo nilikuwa nachomeka kijiti kuelekea mwangwi.

Porini Mzee Mkala hakumtaja simba kwa jina. Alisema "mwenyewe". "Mwenyewe amepita hapa." Nilidhani ni woga. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa anasema alichomaanisha.

Kundi lililokuwa karibu nasi lilikaa kwenye mabwawa ya mawe, mahali ambapo mwamba una mashimo yanayohifadhi maji ya mvua. Majike walikuwa wanne, na madume wawili wakubwa, bila shaka ndugu. Mmoja alikuwa na kidole kilichopinda mguu wa mbele, na unyayo wake hata mimi niliutambua. Baina ya mabwawa hayo na reli ndiko alikoishi Mbeyu, binti ya Mzee Mkala, na mumewe Tsuma na watoto wao wawili. Tulikuwa tukipita kwao kula sima na mboga ya mchunga. Mbeyu alikuwa na maneno mengi na kicheko cha karibu.

"Baba, wajukuu hujawauliza hali," alikuwa akimwambia. "Haya, tuambie kwanza simba wako wamelalaje."

"Wamelala upande wa machweo. Kesho ng'ombe wende mawio."

Na Tsuma alikuwa akiwapeleka mawio. Hawakupata kupoteza ng'ombe. Mzee Mkala alisema wale madume wawili ndio waliokuwa mlango wa nyumba ya bintiye. Maadamu wao wananguruma, hapiti simba mwingine. Majirani walimwona ni mtu wa serikali anayesifia mifugo ya serikali.

Vita vilileta kambi za askari kando ya njia, na askari walihitaji nyama. Kongoni na punda milia waliuawa kwa malori. Kisha mvua zikakosekana mara mbili mfululizo. Ramani yangu ya ukutani Kizingo nilikuwa naifuta kila mwezi, maana kundi la Taru lilisogea, la kituo cha Samburu likasogea, kila moja likisukuma jingine. Wenye mabwawa ya mawe tu ndio hawakuondoka, kwa sababu walikuwa na maji.

Asubuhi moja karibu na reli Mzee Mkala akasimama, akanishika mkono. Mchangani palikuwa na nyayo za simba wawili nisizozijua. Tulizifuata kitambo kirefu. Hawakuparura mahali, hawakukojolea kichaka.

"Vijana," akasema. "Wamefukuzwa kwao na hawana pao. Tazama wanavyokwenda. Kama wageni waliovua viatu wasiwaamshe wenyeji."

"Watapita?"

"Wenyewe wakinguruma, watapita. Lakini wana njaa, hawa. Hatua fupi."

Tuliwaonya watu. Tsuma alionywa pia. Lakini mtu unaweza kumwonya juu ya njia ya ng'ombe, huwezi kumwonya juu ya moyo wake. Alasiri moja mtamba wake alikamatwa mbele ya macho yake kichakani, naye badala ya kukimbia akaenda na mkuki. Mtamba yule alikuwa amekusudiwa mahari ya mdogo wake. Walimkuta jua halijazama. Mkuki ulikuwa umevunjika, na Tsuma alikuwa amekwisha kufa.

Bwana Kipara na mimi tulifika kesho yake. Mzee Mkala alikuwa amekwisha kuzunguka pale mahali kwa magoti, peke yake, akisoma ardhi iliyomuua mkwewe. Watu walikuwa wamejaa uani, na mzee wa ukoo wa Tsuma akasema kwa sauti wanayotaka: simba wa mabwawa wauawe. Bwana Kipara akanambia nimwulize Mzee Mkala. Sikuhitaji kumtafsiria swali, lakini nikamwuliza.

"Si wao," akasema. "Ni wale vijana wawili, wapitaji. Wenyewe walikuwa mbali, majini. Nyayo ziko pale, mwenye macho na aende akatazame."

Watu wakaguna. Ndipo Mbeyu alipotoka ndani. Walikuwa wamekwisha kumnyoa nywele kwa msiba.

"Baba," akasema, "mume wangu amelala mle ndani. Leo pia wawatetea?"

"Siwatetei, mwanangu. Nakwambia nilichokiona."

"Ungekuwa wamuona Tsuma, usingewaona simba."

Mzee Mkala alikuwa na kijiti chake mkononi, na nilimwona akikitazama kama kitu alichopewa akishike na mtu asiyemjua. Mbeyu akarudi ndani, na hakusema naye tena, si siku ile ya mazishi wala miezi iliyofuata.

Bwana Kipara hakuwa mtu mbaya, na sitaki mumwone hivyo. Alimsadiki Mzee Mkala. Aliwaomba wakubwa zake muda, akapewa, na sisi watatu tukawafuata wale vijana wawili mpaka nchi kavu isiyo na mtu, na huko upepo ukafuta kila kitu. Tukarudi mikono mitupu. Huku nyuma watu walikuwa hawachungi tena ng'ombe zao kwa hofu, na maneno yalikuwa yamefika mbali. Amri ikaja. Wakubwa walitaka simba waliokufa ambao watu wanaweza kuwaona kwa macho. Mimi mwenyewe, mngeniuliza wakati huo, sijui ningesema nini kwa mama wa watoto wawili wasio na baba. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo: nikiipitia hadithi hii tena na tena, siupati mlango ambao tungeweza kutokea.

Bwana Kipara aliwapiga risasi mwenyewe wale madume wawili, kwenye mabwawa, wakati wa asubuhi. Moja moja. Mwenye kidole kilichopinda ndiye wa pili. Alikuwa amerudi kumnusa nduguye. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee Mkala alikaa juu ya mwamba ametupa mgongo, na tulipomaliza akashuka akawafumba macho wote wawili kwa kiganja, kama wafumbwavyo watu, akaenda zake nyumbani.

Ngozi mbili zilipelekwa kisiwani kwa garimoshi, na mimi nikazisindikiza. Kituoni Mombasa watu walijaa. Kwa wiki kadhaa nilikuwa shujaa wa Kibokoni, nikinywa kahawa bila kulipa kwa kazi ambayo sikuifanya na ambayo sikutaka ifanywe. Mama peke yake ndiye aliyeniuliza, "Mbona huli?"

Niliporudi Maji ya Chumvi, alfajiri zilikuwa kimya. Tulikaa kila mtu kwenye kilima chake na hapakuwa na sauti ya kuchomekea kijiti. Mzee Mkala akaja akakaa karibu nami.

"Mlango u wazi," akasema. "Sasa watarudi."

Walirudi mvua za kwanza zilipoanguka. Wale vijana wawili, sasa wakikanyaga kwa uzito na kuparura kila kichaka, waliingia mabwawani kama walioitwa. Waliua watoto wote wa kundi lile. Ndivyo madume wageni wafanyavyo, ili majike wazae nao. Tuliwakuta watoto watatu chini ya mwamba. Majike wakatawanyika kwa hofu, wakasukumwa upande wa watu, na ng'ombe wakaanza kuliwa kuliko wakati wowote. Wazee walewale wakaja wakamwuliza Mzee Mkala wafanyeje. Hakuwaambia, "Niliwaambieni." Aliwaambia atakwenda kutazama wale madume wanalala wapi mchana, ili watu wapaepuke.

Siku hiyo mimi nilikuwa Mombasa. Dada yangu alikuwa anaolewa, na ruhusa nilikuwa nimeiomba mapema. Kwenye fungate ya watu wengine mtu huwa na furaha ya bure, basi nami nilikuwa nayo, mpaka mjumbe wa stesheni alipokuja mlangoni kutuambia kwamba Mzee Mkala analetwa na gari la mizigo. Alikuwa amewakaribia mno kwenye kichaka kinene, upepo ukageuka, na mmoja akamrukia. Hakumla. Alimrarua bega na paja, akamwacha akaenda zake, kama mtu anayemsukuma mwingine mlangoni pake.

Walimshusha kwa machela. Aliponiona na nguo za harusi akafanya uso wa kunusa.

"Umerudia udi," akasema.

Hospitalini walimtendea yote waliyoweza, lakini kucha za simba ni chafu, na donda lilikuwa limekwisha kuvimba. Nikampigia simu stesheni masta wa Maji ya Chumvi, nikamwomba amtume mtu kwa Mbeyu. Sikujua kama atakuja. Alikuja na garimoshi la kesho yake, na kitoto chake kidogo mgongoni. Alikuwa hajapata kufika kisiwani. Nilimchukua nyumbani, na mama, ambaye hakujua Kiduruma, akamwondolea mtoto mgongoni bila kuuliza, akamwogesha, akampa mahamri. Mbeyu mwenyewe mama alimpa leso mpya, akamtandikia mkeka. "Kula kwanza mwanangu," akamwambia. "Mgonjwa hatizamwi na njaa."

Jioni nilimpeleka wodini. Mzee Mkala alikuwa macho. Mbeyu alisimama miguuni mwa kitanda kwa muda, kisha akakaa, akafungua kikombe cha uji aliopika kwa mama.

"Umekuja na nani?" babaye akauliza.

"Na kitinda mimba. Yuko kwa mama yake Athmani, analala."

"Ng'ombe umemwachia nani?"

"Shemeji."

"Mwambie asiwapeleke machweo."

Mbeyu akashika kijiko. "Nitamwambia," akasema. Akamnywesha uji kidogo kidogo, akimpangusa kidevu upande ule wenye ndevu. Nilidhani watasema. Nilikuwa nimetoka mpaka mlangoni ili waseme. Lakini walizungumza habari za mbuzi aliyezaa mapacha, na za paa la ghala, na kama mchunga umeota. Mara meli ikapiga honi Kilindini, na ya pili ikaijibu. Mzee Mkala akainua kidole akaelekeza dirishani.

"Wawili," akasema. "Huyu wa mbali ndiye mkubwa."

Mbeyu akacheka, kile kicheko chake cha zamani, kisha akafunika uso kwa leso.

Siku ya tatu homa ilimpanda na hakututambua tena. Alifariki adhuhuri. Bwana Kipara aliomba behewa, akaja mwenyewe kituoni amevua kofia, akasimama juani na kichwa chake kitupu mpaka garimoshi likaondoka. Tulimzika kwao.

Usiku wa kabla ya safari hiyo ya maziko, au tuseme magharibi, Mbeyu alinikuta uani kwetu nikitia udhu. Akangoja nimalize.

"Kaka Athmani, wewe ulizitazama zile nyayo. Za siku ya Tsuma."

"Nilizitazama."

"Baba alisema kweli?"

"Kweli, dada. Si wale waliouawa."

Akaitikia kwa kichwa. "Nilikuja nimwambie namsadiki," akasema. "Nikamletea habari za mbuzi."

Nikamwambia babaye alifahamu, kwamba wazazi hufahamu. Ndivyo mtu asemavyo. Sijui kama alifahamu, na yeye pia alijua kwamba sijui.

Niliendelea na kazi Maji ya Chumvi peke yangu. Wale vijana wawili wakawa madume wazima. Majike walirudi mabwawani, wakazaa nao, vita vikaisha, askari wakaondoka, punda milia wakaanza kuonekana. Ng'ombe wakapungua kuliwa, kisha wakaacha kuliwa kabisa. Kila alfajiri nilipima sauti za wale waliomuua Tsuma na mwalimu wangu, nikaziandika kwa usafi. Nilijaribu kuwachukia, nikashindwa. Walikuwa wamefanya walilofanya wakiwa hawana pa kukaa, na sasa walikuwa na pa kukaa.

Mwishoni mwa miaka ile wazee wa ukoo wa Tsuma walipata habari, sijui kwa nani, kwamba madume wa mabwawani ni walewale. Wakaja kwa Bwana Kipara wakataka damu yao. Safari hii Bwana Kipara alisema hataamua bila kumsikiliza mjane. Tukaenda kwa Mbeyu. Alikuwa anapepeta mahindi. Watoto walikuwa wamekuwa wakubwa. Wazee wakakaa, wakasema yao, kwa heshima. Mbeyu hakuwajibu wao. Alinigeukia mimi.

"Ni wao?"

"Ndio wao."

"Wote wawili wangali hai?"

"Wote wawili."

"Tangu baba, wamegusa mtu?"

"Hawajagusa mtu. Wala ng'ombe, mwaka huu wote."

"Na wakiuawa?"

Nilitamani swali hilo aulizwe mtu mwingine. "Watakuja wengine," nikasema. "Vijana, wenye njaa. Itakuwa kama ile mara ya kwanza."

Alikaa na ungo mapajani. Kuku walikuwa wakidonoa miguuni pake na hakuwafukuza. Mzee wa ukoo akakohoa ili kusema, Mbeyu akamwinulia mkono.

"Waacheni," akasema. "Kuna wanawake wengine hapa wenye waume."

Nilitafsiri. Bwana Kipara akatazama chini. Wazee hawakuridhika, lakini neno la mjane lilikuwa limetoka, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulivuka. Nilifikiri limekwisha hapo, na nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi. Lile neno ambalo babaye alilisema akaonekana msaliti, mimi nililisema likasikilizwa. Lakini furaha hiyo haikufika hata reli. Nilikuwa najua Mbeyu alikuwa amenisikiliza mimi kwa sababu hakumsikiliza babaye.

Baada ya mavuno Mbeyu aliuza ng'ombe waliobaki, akahamia Mazeras kwa shangazi yake. Nilikuwa kituoni siku aliyoondoka, nikamsaidia kupandisha tenga la kuku na jiwe la kusagia. Watoto walikwisha kuingia behewani wakigombania dirisha.

"Ungeweza kubaki," nikamwambia. "Hapa sasa ni salama kuliko miaka yote."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nimewaachia wenyewe."

Akanishukuru kwa ajili ya mama, akaniagiza nimpelekee salamu. Kisha, mguu mmoja ukiwa kwenye ngazi, akaniuliza kama kule Mazeras alfajiri wanasikika. Nikamwambia hawasikiki, simba hawafiki huko.

"Afadhali," akasema, akapanda.